Hofu Hufundishwa: Habari za Ubongo Mdogo wa Kisogoni

Wasomaji wetu, kwa miaka mingi tumekaa mkekani na watoto wa watu, tukiwasomesha tangu alifu mpaka kuhitimu, na katika miaka hiyo tumeona mambo ambayo hatukuyafahamu siku yalipotokea. Moja ni hili la leo.

Alikuwapo mwanafunzi wetu wa miaka saba, msomaji mwepesi, mwenye sauti nzuri. Siku moja alipokuwa akisoma mbele yetu, wenzake wawili nyuma yake wakaanza kusukumana na kucheka. Tukainua bakora, tukaipiga juu ya meza kwa nguvu, ili wale wawili wanyamaze. Yule aliyekuwa akisoma hakuguswa wala hakugombezwa. Lakini alishtuka mshtuko mkubwa, juzuu ikamwanguka. Tukamwambia aendelee, akaendelea. Siku ya pili alipofika pale pale aliposhtukia, ulimi ukamkwama. Siku ya tatu alikwama kabla ya kufungua juzuu. Baada ya juma moja ilitosha aione meza ile. Mikono ikamtoka jasho, akakaa kimya kama aliyegandishwa. Mama yake akaja kutuuliza: "Maalim, mwanangu kimempata nini hapa? Nyumbani asoma vizuri, akifika chuoni hana neno." Tukamjibu kwamba hatukumfanya kitu. Na kwa kadiri ya maarifa yetu ya siku zile, tulidhani twasema kweli.

Tangu siku hiyo tumekuwa tukiuliza na kusoma. Sisi si matabibu. Ilimu yetu ni ya chuoni na ya shule ya msingi, na haya tuyaandikayo tumeyakusanya kwa waliobobea katika fani hiyo. Lakini mtu aliyeshika bakora anayo haki, bali ni wajibu wake, kujua inafanya nini hata pale isipogusa mwili.

Swali lenyewe ni la zamani. Ibn Sina, tabibu na mwanafalsafa aliyezaliwa mwaka 980 na kufariki mwaka 1037, alilitolea mfano wa kondoo na mbwa mwitu. Kondoo kwa macho yake huona rangi na umbo tu. Uadui hauna rangi wala umbo. Basi ni kitu gani ndani yake kimwambiacho kwamba huyu ni wa kukimbiwa? Nguvu hiyo Ibn Sina aliiita wahm. Kisha akataja mfano wa pili, ambao kwetu ndio mzito zaidi: mbwa aliyewahi kupigwa huiogopa fimbo hata ikiwa imelala chini. Hofu ya kondoo amezaliwa nayo. Hofu ya mbwa kwa fimbo amefundishwa. Na maana hizo, alisema, huhifadhiwa katika uwazi ulio nyuma ya ubongo. Hatusemi kwamba Ibn Sina aliyajua yatakayofuata hapa. Yeye alikuwa akizungumzia nafasi tupu zilizomo ndani ya ubongo, si nyama yake. Ila tofauti ile aliyoionyesha, baina ya hofu ya kuzaliwa nayo na hofu ya kufundishwa, ndiyo ambayo wataalamu wanaishughulikia mpaka leo.

Sasa mguse mtoto wako kisogoni, juu kidogo ya pale shingo inapoanzia. Nyuma ya mfupa huo mmekaa kipande cha ubongo kiitwacho ubongo mdogo. Ukubwa wake ni kama ngumi ya mtoto, na uzito wake ni kama sehemu moja katika kumi ya ubongo wote. Juu yake kuna mikunjo myembamba iliyopangana mithili ya kurasa za kitabu kilichofungwa. Mtu akikitazama atadhani ni kiambatisho tu cha ule ubongo mkubwa uliokikalia juu. Lakini mwaka 2009 wataalamu wa Brazil walizihesabu seli za fahamu katika ubongo wa mwanadamu, wakapata kama bilioni 86. Na katika hizo, bilioni 69 zilikuwa katika hicho kipande cha kisogoni. Yaani katika kila seli kumi, nane zimo humo! Kiungo kilichopewa jeshi kubwa hivyo hakikuwekwa kwa kazi ndogo.

Kazi yake iliyojulikana kwanza ni ya mwendo. Mwaka 1824 Bwana Flourens wa Ufaransa alieleza jinsi alivyowaondolea njiwa ubongo huo tabaka baada ya tabaka. Njiwa waliendelea kuona na kusikia, lakini hawakuweza kuruka wala kusimama kwa mpango, walipepesuka. Tangu hapo ikafundishwa, kwa zaidi ya miaka mia, kwamba ubongo mdogo ni msimamizi wa viungo. Na ni kweli. Mwanamke atembeaye na ndoo ya maji kichwani bila ya kuishika, fundi atiaye uzi katika tundu la sindano, mpiga dufu asiyekosa pigo, wote wanautumia. Mlevi naye apepesukapo njiani, sehemu moja iliyotiwa ganzi na kileo chake ni hiyo.

Lakini mwendo si kitu cha kuzaliwa nacho tu. Hufundishwa kwa kurudia, na kosa husahihishwa mpaka mwili ujue wenyewe. Kwa hiyo wataalamu wakaanza kushuku kwamba ubongo mdogo ni mwanafunzi pia, si msimamizi peke yake. Bwana Richard Thompson na wenzake wa Marekani wakalithibitisha jambo hilo kwa sungura, wakalitangaza katika miaka ya 1980. Sungura alisikilizishwa mlio, kisha akapulizwa upepo jichoni, akafumba. Baada ya kurudiwa mara nyingi akawa anafumba jicho kwa mlio, kabla upepo haujafika. Hilo ni somo. Ndipo wakaharibu kipande kidogo mno ndani ya ubongo mdogo. Sungura akipulizwa bado alifumba jicho kama kawaida. Lakini akisikia mlio hakufumba tena. Jicho lilikuwa zima, sikio zima, lakini somo limetoweka.

Kufumba jicho na kuogopa ni mambo mawili, lakini yanafundishwa kwa njia moja: kitu kisicho na madhara hufungamanishwa na kitu chenye madhara, mpaka kile cha kwanza kikatosha. Aliyelionyesha hili kwa mwanadamu ni Bwana John Watson, pamoja na Bibi Rosalie Rayner, katika mji wa Baltimore, nao waliandika habari zake mwaka 1920. Walimchukua mtoto mchanga, umri wake kama miezi kumi na moja, waliyempa jina la Albert katika maandishi yao. Mtoto huyo hakuwa akimwogopa panya mweupe; alimnyooshea mkono ili amshike. Kila alipomgusa, chuma kikapigwa kwa nyundo nyuma ya kichwa chake. Baada ya mara chache Albert akawa akimwona panya tu, hata chuma kisipolia, hulia na kutambaa kwenda zake. Kisha hofu ikaenea: akamwogopa sungura, akamwogopa mbwa, akaogopa hata koti la manyoya. Na mtoto akachukuliwa na mama yake kabla ya hofu ile kuondolewa. Tendo hilo leo linahesabiwa kuwa dhuluma, na hapana shaka ni dhuluma.

Tuliposoma habari hizo kwa mara ya kwanza tulikiweka kitabu chini. Nyundo ile na bakora yetu juu ya meza, tofauti yake ni nini? Watson alikusudia, sisi hatukukusudia. Lakini sikio la mtoto halisomi nia.

Kwa muda mrefu wataalamu walisema kwamba somo la namna hii huandikwa katika sehemu mbili ndogo za ubongo mkubwa zenye umbo la lozi, ziitwazo amigdala, moja kulia na moja kushoto. Hilo halijafutwa, amigdala bado ndiyo yenye neno kubwa katika hofu. Lakini pole pole ule ubongo wa kisogoni ukaanza kuonekana nao umo barazani.

Katikati ya ubongo mdogo kuna sehemu nyembamba ndefu, ambayo kwa umbo lake waliipa jina la mnyoo. Mwaka 1990 wataalamu wawili wa Marekani walieleza habari za panya waliofundishwa kuutarajia umeme baada ya kusikia mlio. Panya mzima, akisikia mlio huo, mapigo ya moyo wake hupungua. Panya aliyeharibiwa mnyoo huo hakujifunza hivyo. Moyo wake ulikuwa mzima, lakini haukushika somo. Mwaka 2002 wataalamu wa Italia waliizima sehemu hiyo kwa dawa baada ya panya kwisha kufundishwa, na kumbukumbu ya hofu ikaharibika. Mwaka huo huo wataalamu wa Ujerumani wakatoa habari za wagonjwa, wanadamu kama sisi, walioumia katikati ya ubongo mdogo: nao moyo wao haukubadilika kwa ishara ya hofu kama unavyobadilika moyo wa mtu mzima wa afya. Kisha mwaka 2004 Bwana Sacchetti, Bwana Strata na wenzao wa Italia wakatazama ndani kabisa, kwenye seli ziitwazo za Purkinje, kwa jina la yule aliyezieleza mwaka 1837. Seli hizo zina matawi kama mti wa mkungu, na kila moja hupokea habari kwa nyuzi zaidi ya laki moja. Wakaona kwamba panya aliyefundishwa hofu, viungo baina ya nyuzi na seli hizo vimekazika zaidi, na hata baada ya siku nzima vilikuwa bado vimekazika. Somo la dakika chache lilikuwa limeacha alama mwilini.

Ama kule kuganda kwa yule kijana wetu, nako kumetafutwa. Mwenye hofu si lazima akimbie. Mara nyingi huganda mahali alipo, kama paa asikiaye nyayo. Amri ya kuganda hutoka katika sehemu iliyo ndani sana ya shina la ubongo. Mwaka 2014 wataalamu wa Bristol, Uingereza, walionyesha kwamba sehemu hiyo inasemezana na kipande maalumu cha ule mnyoo, na panya aliyekatwa kipande hicho haganda kama wenziwe. Mwaka 2020 wengine wa Paris wakaifuata njia itokayo ubongo mdogo kwenda kwenye shina hilo kwa panya wadogo. Wakaona kwamba kwa kuibana au kuifungua njia hiyo wakati wa somo, waliweza kuizidisha kumbukumbu ya hofu au kuipunguza. Na njia hiyo hiyo ilikuwa na sehemu yake pale panya alipokuwa akijifunza kwamba mlio ule sasa hauna madhara.

Hapa ndipo penye jambo tulilolitafuta, na tunaomba msomaji asipite upesi. Ubongo mdogo hauonekani kuwa kisima cha hofu. Kazi yake ni kutarajia. Hukisia kitakachotokea, kisha hulinganisha na kilichotokea, na ukiona tofauti husahihisha. Mkono ukiinua kikombe ukidhani kimejaa, kumbe kitupu, hupaa juu; mara ya pili haupai. Hesabu hiyo hiyo, waona wataalamu, hufanywa katika hofu. Mwaka 2019 wataalamu wa Ujerumani waliwatia watu katika mashine ya sumaku ionyeshayo kazi za ubongo, wakawaonyesha picha zilizofuatwa na umeme kidogo mkononi. Ubongo mdogo ulifanya kazi pale mtu alipoutarajia umeme. Na ukafanya kazi vile vile pale umeme uliotarajiwa usipokuja. Kutokuja kwa madhara nako ni habari, na ubongo huiandika. Na mwaka 2022 wataalamu wa Basel, Uswisi, waliowapima watu 1,418, walieleza kwamba picha zenye kusisimua moyo hukumbukwa zaidi kuliko picha za kawaida, na kwamba ubongo mdogo una sehemu yake katika kuzikaza kumbukumbu hizo.

Basi mtoto aliyegandishwa na hofu hamtii kiburi mwalimu wake, wala si mvivu. Mwili wake umekisia pigo, na umekisia kama ulivyofundishwa. Kumwambia "usiogope" ni sawa na kumwambia mtu aliyejifunza kuogelea kwamba asahau kuogelea. Ulimi wetu hausemi na ubongo ule. Husema nao yanayotokea, mara moja baada ya moja.

Kabla ya kumrudia kijana wetu, kuna habari ambayo ingekuwa kosa kuiacha, kwa sababu inaingia majumbani. Mwaka 1998 Daktari Jeremy Schmahmann na Daktari Janet Sherman wa Boston waliandika habari za wagonjwa 20 walioumia ubongo mdogo, wengine kwa kiharusi, wengine kwa maradhi mengine. Waliona kwamba wengi hawakusumbuliwa na mwendo tu. Walipungukiwa katika kupanga mambo na katika maneno. Na hasa walioumia nyuma na katikati, tabia zao zilibadilika: huyu akawa baridi, hana furaha wala huzuni. Yule akawa kama mtoto, akisema na kutenda bila ya kujizuia. Fikiri mzee wa nyumba, mtu wa heshima, aliyepatwa na kiharusi akapona miguu, kisha akaanza kutukana mbele ya wakwe. Watu wake watasema amebadilika roho, au ametupiwa kitu. Huenda amejeruhiwa kisogoni, na anayestahili kuulizwa ni tabibu.

Watoto nao wana mkasa wao. Mtoto mwenye uvimbe karibu na ubongo mdogo hupasuliwa ili uvimbe utolewe. Wengine huamka wakasema vizuri, wazee wakashukuru. Kisha baada ya siku moja au mbili mtoto akanyamaza kabisa, akawa analia bila ya kubembelezeka, mwili umelegea. Katika watoto wapasuliwao uvimbe wa aina moja mbaya, medulloblastoma, hupatwa na hali hiyo kama mmoja katika wanne. Kimya hicho hudumu majuma, pengine miezi, na maneno hurudi pole pole, ingawa si kila mara hurudi yote kama yalivyokuwa. Mzazi asiyeambiwa mapema hudhani mwanawe amechukuliwa na jini, au kwamba mtoto amewakasirikia waliompeleka kupasuliwa. Aambiwe mapema, na auulize ujumbe wa madaktari kabla ya siku ya kupasuliwa, ili kimya kikija kisimkute peke yake.

Twapenda kusema pia kwamba mengi katika tuliyoyataja yamepimwa kwa panya, na hofu ya mwanadamu ina mambo mengi ambayo panya hana: aibu, jina la baba yake, macho ya wenzake. Kichwa cha yule kijana hakikupigwa picha. Lakini dawa yake haikungoja picha, maana ilikwisha kujulikana zamani.

Mwaka 1924 Bibi Mary Cover Jones wa Marekani alieleza habari za mtoto aliyemwita Peter, ambaye hajatimiza miaka mitatu, aliyemwogopa sungura. Hakumlazimisha. Sungura aliwekwa mbali, ndani ya kizimba, wakati Peter anakula chakula akipendacho. Siku nyingine akasogezwa kidogo. Siku nyingine akafunguliwa. Mwisho Peter akawa anamshika kwa mkono wake. Kila siku mwili wa mtoto ulitarajia baya, na baya lisije.

Nasi tulifanya mfano wa hayo, ijapokuwa tulichelewa. Kwanza bakora tuliipeleka nyumbani, haikurudi chuoni; na wazee wengine walitulaumu, wakisema chuo kisicho na bakora ni baraza ya mazungumzo. Meza tukaiondoa. Kijana tukamkalisha karibu na mlango, ubavuni mwa dada yake, asome naye kwa sauti ya chini, nasi tukae mbali tukiwashughulikia wengine. Kwa siku kadhaa hatukumtazama. Kisha tukawa tukipita karibu bila ya kusimama. Kisha tukakaa mkeka ule ule, tukamwachia dada yake asikilize. Mara mbili alirudi nyuma. Moja alipoliona fimbo la mpita njia, na moja siku ambayo mlango ulipigwa na upepo. Hatukusema neno, tukaanza upya kutoka mbali.

Ilikuwa baada ya Idi ndipo alipokuja mwenyewe akakaa mbele yetu. Alikuwa katikati ya usomaji wake pale mtoto mmoja alipouangusha ubao wake sakafuni, ukalia kwa kishindo. Kijana akashtuka, akanyamaza, akatutazama usoni. Sisi tulikuwa tumekaa vile vile, mikono magotini. Akatutazama kitambo, kisha akashusha macho, akatafuta kwa kidole pale alipoachia, akaendelea kusoma.